MJADALA: Mpira wa meza, wenye ulemavu wachanganywe na wengine au wawe na mashindano yao?

Mwanzisha mada:

Wadau wa michezo, habari zenu. Wiki hii nimesikia tena ile hoja, safari hii kwa kiongozi wa michezo kabisa: eti kwenye mpira wa meza wenye ulemavu hawahitaji mashindano yao, waingie tu droo moja na wengine. Mfano wake ni Natalia Partyka wa Poland, aliyezaliwa bila kiganja cha kulia, akacheza Olimpiki na Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, ndani ya mwaka uleule, kuanzia Beijing 2008. Akamtaja pia Bruna Alexandre wa Brazil, mwenye mkono mmoja, aliyefanya hivyohivyo Paris 2024. Kama hao wameweza, wetu wanashindwa nini?

Napinga. Mchezo huu umo kwenye Paralimpiki tangu Roma 1960, na leo una madaraja 11. La 1 hadi la 5 ni ya kitimwendo, la 6 hadi la 10 wanacheza wamesimama, la 11 ni la wenye ulemavu wa akili. Kwenye yale 10 ya ulemavu wa viungo, katika kila kundi namba ndogo ndiyo yenye ulemavu mzito. Partyka na Alexandre wote ni wa daraja la 10! Halafu ndio tuwafanye kipimo cha mtu wa daraja la 1, ambaye vidole havishiki, raketi anafungiwa mkononi kwa bandeji, na akiinama mbele kiwiliwili hakina nguvu ya kumrudisha?

Mwaka juzi nilikuwa kwenye bonanza moja la wilaya. Kijana wa kitimwendo, fundi viatu, alichanganywa na wengine kwa kuwa alikuwa peke yake. Meza ilikuwa ya kukunja, ina chuma kinachopita chini karibu kabisa na ukingo. Magoti yakagonga. Ikabidi akae mbali, mipira ya karibu na wavu haifikii. Kanuni inataka miguu ya meza iingie ndani angalau sentimita 40 kutoka ukingo wa mchezaji wa kitimwendo.

Mpinzani akaliona hilo. Akawa anaanzisha mpira mfupi wa kukata, unadunda upande wa kijana na kutokea pembeni. Pointi. Tena pembeni, pointi. Sheria za kawaida za mchezo, wala si za Paralimpiki tu, zinasema mpokeaji akiwa kwenye kitimwendo, mpira wa kuanzisha ukimtokea pembeni unarudiwa, hakuna pointi. Mwamuzi hakuijua. Kijana akafungwa seti tatu kavu, watu wakampigia makofi ya huruma. Makofi yale yaliniuma kuliko matokeo.

Mchangiaji:

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa, ila wilaya nzima huku kwetu tuna wachezaji wawili wa kitimwendo. Ukiwatenga watacheza na nani? Mimi natumia mguu bandia, na mchezo nimeujua kwa kupigwa kila jioni na vijana wasio na ulemavu. Mashindano yetu wenyewe ni mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Nikingoja hayo tu, mkono utakufa ganzi.

Mwanzisha mada:

Marahaba, mwanangu. Hapo umenishika, na nashukuru umesema wewe unayecheza. Mazoezi tuchanganyike kila siku, hilo silipingi hata kidogo. Na anayetaka kuingia droo ya wazi aingie. Ibrahim Hamadtou wa Misri anashika raketi kwa meno na kurusha mpira kwa vidole vya mguu. Nani angesimama mlangoni amzuie mtu kama huyo?

Ninachokataa ni kuchanganywa kwa lazima, tena bila meza inayomfaa wala mwamuzi anayeijua kanuni yake, kisha ikaandikwa kwenye ripoti kwamba wenye ulemavu walishirikishwa. Yule fundi viatu hajashika raketi tangu siku ile. Nimemfuata kibandani kwake mara mbili, ananijibu kwa upole tu kwamba ana kazi nyingi.

Hao wawili wenu, ukiwaongeza wa wilaya jirani, tayari mna kikundi. Kikwazo ni nauli, maana kitimwendo kwenye daladala kinatozwa kama mzigo, na hiyo ndiyo bajeti ninayotaka kiongozi yule aizungumzie.

Wengine karibuni. Na kama kuna anayejua ukumbi wenye meza ambayo magoti yanaingia, aseme uko wapi, nimpeleke yule kijana.