Mrejesho: VT100 sasa inaandika

Wakuu, niliwaulizia kuhusu terminali ya VT100 (skrini na kibodi ya kuunganisha na kompyuta kwa kebo), toleo lililotoka mwaka 1978: skrini inaonyesha kila kinachotumwa na kompyuta, ila ukibonyeza kibodi hakuna kinachofika upande wa pili. Wengi mlisema kebo.

Kebo ni nzima. Niliichomoa, nikaunganisha pini ya 2 (kutuma) na ya 3 (kupokea) kwa kipande cha waya kwenye tundu la nyuma, ili ninachoandika kirudi kwenye skrini, nikaandika. Kimya, kwa hiyo tatizo liko ndani ya terminali. Mkuu aliyesema nipime volti ndiye aliyepatia. Laini ya kutuma ikiwa imetulia inatakiwa isome hasi, kama −10 hivi, ukipima dhidi ya pini ya 7, yaani ardhi. Yangu ilisoma sifuri, na pawa saplai inatoa −12 bila shida. Hapo mtuhumiwa akabaki mmoja, chipu ya 1488 inayosukuma mawimbi nje. Upande wa kupokea una chipu yake, 1489, ndiyo maana ulikuwa unadunda.

Miguu ya 1488 ilikuwa imeota kutu ya kijani. Chumvi ya Kigamboni haina adabu! Fundi mmoja wa Kariakoo alinichomolea nyingine kwenye modemu mbovu, na safari hii nimeweka soketi kwanza.

Anayefuata njia hii awashe XON/XOFF (ishara ambazo terminali hutuma kuiambia kompyuta isimame au iendelee) pande zote mbili. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ukimwaga faili refu, terminali inaelemewa na herufi zinapotea, hasa ukiwa umeruhusu maandishi yapande taratibu.