Mama mkwe anataka nimtie mtoto mafuta ya mkaratusi puani. Nifanyeje?

BintiChumbageni

Asalam aleikum. Huku kwetu Chumbageni, Tanga, nyumba nzima tuna mafua tangu kusi ilipokaza. Mimi usiku nahemea mdomo, na kitoto changu cha miezi saba kamasi zimemjaa, akishika titi anaachia, analia. Mama mkwe karudi Pemba na vichupa viwili, kimoja mafuta ya mkaratusi, kingine ya karafuu, yale makali yenyewe. Anasema nimtie mtoto tone moja kila tundu la pua na jingine nimpake kifuani. Nikifungua tu kifuniko macho yanachuruzika machozi, sembuse pua ya mtoto! Lakini kumwambia mama mkwe sitaki nako ni mtihani. Na je, mimi ninayenyonyesha naweza kutumia?

KijanaWaMgandini

Dada, mafuta ya nini? Chemsha kivumbasi, mchaichai na majani ya mlimau, jifunike shuka wewe na mtoto, jasho likutoke. Mwaka 2020 nani hakupiga nyungu nchi hii?

BiMkubwaMakorora

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Makorora tangu wewe hujazaliwa pengine, na swali hili naulizwa kila kusi ikiingia. Nianze na mtoto, wewe utasubiri.

Puani usimtie. Hata ukiyachanganya na nazi, usimtie. Harufu kali ya mkaratusi, mentoli au kafuri ikisogezwa karibu na pua ya mtoto mdogo inaweza kumbana koo akashindwa kuvuta pumzi. Na akiyameza ni balaa jingine: mkaratusi usiofika hata kijiko kimoja cha chai unaweza kumtia mtoto degedege au usingizi asioamka kwa kuitwa, na karafuu ikimezwa huumiza ini. Kwa hiyo vichupa hivyo viweke juu ya kabati, si kwenye dirisha. Hata Vicks, ambayo kila nyumba ya Tanga inayo, haipakwi mtoto wa chini ya miaka miwili. Watu wanaipaka hadi chini ya pua, nikisema wananiona mkorofi.

Kinachomsaidia ni maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, pima robo lita, tia chumvi nusu kijiko cha chai isiyojaa. Mdondoshee matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonya, subiri kidogo, kamasi zilainike, kisha mfyonze kwa kile kipira cha kufyonzea kamasi au umfute kwa kitambaa laini. Maji hayo tengeneza mapya kila siku. Kama mkono wako hauna uhakika na kipimo, madukani yapo ya tayari. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Asali usimpe, hajatimiza mwaka. Na chumbani anapolala msifukize ubani wala udi mpaka apone. Najua ni desturi yetu, lakini moshi ni moshi.

Akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au ukiona nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani kila akivuta, au amekataa titi kabisa, nenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Usingoje kupambazuke.

Sasa wewe. Mkaratusi unaweza kuutumia, ila ujue unafanya nini. Pua haizibwi na kamasi peke yake. Nyama za ndani zimevimba kwa damu iliyojaa kwenye mishipa yake, ndiyo maana ukilala hali inazidi. Mentoli, ile yenye ubaridi iliyomo kwenye Vicks, huamsha zile neva zinazohisi ubaridi, ukasikia hewa inapita. Watafiti wamepima pua za watu: hewa inayopita ni ileile, hisia tu ndiyo iliyobadilika. Sineoli, kiini kikuu cha mafuta ya mkaratusi, nayo ina tabia ya kuamsha ubaridi huo. Sikudharau hisia hiyo, mtu aliyekesha siku mbili akipata usingizi kwa sababu yake ni faida tosha. Lakini virusi vya mafua haviondoki. Vitakaa wiki moja hadi siku kumi, ndipo viage.

Basi dondoshea tone moja kwenye leso, nusa ukiwa mbali na mtoto, inua kichwa kwa mito miwili. Ukitaka kujichua, matone matatu kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, mgongoni, si kifuani anapolaza uso wake. Karafuu mwachie mwenye jino linalouma.

Na wewe kijana wa Mgandini: nyungu ya mtu mzima sikatai, inaliwaza, ingawa haijathibitika kwamba inafupisha mafua. Kumfunika mtoto wa miezi saba shuka moja na sufuria ya maji yanayochemka? Hapana, hapana kabisa. Akirusha mguu tu, ameungua.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie sitaki. Mwambie, "Mama, ahsante, haya makali nayatumia mimi, mtoto wameniambia nisubiri akue." Zawadi umeipokea, ugomvi haupo.

MzeeRaskazone

Sisi tulilambishwa tone juu ya sukari na tukakua hadi leo. Watoto wa siku hizi mayai.

BiMkubwaMakorora

Shikamoo kaka. Wasiokua hawapo hapa kutujibu.

BintiChumbageni

Bi Mkubwa, Mungu akuzidishie! Maji ya chumvi nimemtia, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, lakini amenyonya titi zote mbili akalala. Pumzi nimehesabu, 38. Mama mkwe nimempa maneno yako vilevile. Kanuna kidogo, kisha kachukua karafuu akamsugua mwanawe magoti.

Brashi_ya_Katani

Samahani naingilia. Mimi niko kiwanda cha katani, kwenye brashi, yaani mashine za kusugua nyuzi. Pua inaziba mwaka mzima, napiga chafya, macho yanawasha. Mkaratusi nanusa kila siku, na yale matone ya dukani ya kufungua pua nayatumia tangu Ramadhani. Zamani tone moja lilitosha, sasa kila baada ya saa chache.

BiMkubwaMakorora

Mwanangu, mafua hayakai mwaka mzima, wala hayawashi macho hivyo. Hiyo inaelekea kuwa mzio wa vumbi, na mkaratusi unakuficha tu usiuone. Matone hayo ni ya siku tatu hadi tano. Ukizidisha, pua inavimba kila yanapokwisha nguvu, unatia tena, inavimba tena. Yaache. Wiki ya kwanza utateseka. Osha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na ukitoka kazini, vaa barakoa kwenye brashi, si ile ya kitambaa. Kamwone daktari akupe dawa ya mzio inayokufaa, na umweleze kazi unayofanya. Kifua kikianza kubana au kutoa mluzi jioni ukitoka zamu, mwambie hilo kwanza kabla hujasema habari ya pua.