Wauzaji wa Golf GTI za mtumba, acheni kutuficha hali ya giaboksi na cheni

Nimechoshwa na namna madalali na wenye yadi hapa Dar es Salaam wanavyouza Volkswagen Golf GTI, toleo la kispoti la Golf, ya kizazi cha sita. Tangazo husema ni gari la kwendea kazini kila siku, ni kuwasha na kuondoka, lakini ukiuliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini unajibiwa kwamba giaboksi hiyo haibadilishwi oili. Huo ni uongo. DSG (giaboksi ya Volkswagen inayojibadilishia gia) ya gia sita iliyomo katika GTI hiyo ina klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili, na mtengenezaji ameagiza oili hiyo ibadilishwe pamoja na chujio lake kila kilomita 60,000. Gari linaloshuka bandarini likiwa limevuka kiwango hicho, bila karatasi hata moja ya matengenezo, linauzwa pamoja na deni ambalo muuzaji hataki kulitaja.

Linaloniudhi kupita yote ni cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Matoleo ya awali ya injini ya lita 2 ya GTI hiyo yana tensha, yaani kikaza cheni, inayotegemea presha ya oili, nayo ikishindwa kushika, cheni huruka meno, valvu zikagonga pistoni, na injini ikafa papo hapo. Dalili yake ni mlio wa chuma unaosikika kwa sekunde chache gari linapowashwa injini ikiwa baridi. Sasa nielezwe ni kwa nini, kila ninapoweka miadi ya asubuhi na mapema, nalikuta gari limeshawashwa na boneti ina joto. Katika yadi moja fundi wangu aliomba kuchomoa kizibo kidogo cha mpira kilichopo kwenye kifuniko cha cheni, ili aone kama tensha ni ya zamani au ni ile iliyoboreshwa, kazi isiyoharibu chochote, na muuzaji akanijibu kwamba kama nina wasiwasi nikanunue IST. (IST naiheshimu sana, ila sikuwa nimeiulizia.)

Wapo pia wanaobandika nembo ya GTI kwenye Golf ya kawaida ya TSI, yenye injini ndogo ya turbo. Hawa dawa yao ni kadi ya gari: GTI halisi ina injini ya cc 1,984, na ukiona cc 1,390 basi unauziwa nembo. Tena nyingi kati ya hizo zina DSG ya gia saba yenye klachi kavu, ambayo katika foleni ya Ubungo, gari likitambaa hatua kwa hatua chini ya jua, hupata joto na kuchakaa upesi kuliko ile ya gia sita. Mtu anayekwenda kazini kila siku ana haki ya kuijua tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha yake.

Ninachodai si kikubwa. Injini iachwe baridi mpaka mnunuzi afike, fundi aruhusiwe kuunganisha mashine ya kupimia hitilafu za gari, na karatasi ya mnada wa Japani itolewe ili kilomita zilinganishwe na zile za kwenye dashibodi. Muuzaji asiyetaka hayo na apunguze bei kwa kiasi cha cheni, tensha na oili ya giaboksi, kisha aandike wazi kwenye tangazo lake kwamba hakuna kilichokaguliwa.