Naomba ushauri: mtoto wa miaka miwili na kichanga ndani ya nyumba

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina binti wa miaka 2 na miezi 3, na mdogo wake ana wiki 5. Mchana nabaki nao peke yangu.

Shida kubwa ni wakati wa kunyonyesha. Nikikaa tu na kichanga, dada mtu anaacha mchezo wake na kuja kunipandia mapajani. Jana alimvuta mdogo wake mguu. Nilipomkataza akajilaza sakafuni, akalia mpaka sauti ikamkauka. Iliniuma sana, maana najua si utundu, ananitafuta mimi.

Nimejaribu kumpa vikombe vya plastiki na maji kidogo kwenye beseni nikiwa pembeni yake, vinamshika kama dakika 10 hivi. Kumtuma alete nepi anapenda mno, ila kazi hiyo ikiisha anarudi palepale. Simu sitaki kumzoesha.

Naombeni mnisaidie: mliwapa watoto wa umri huu shughuli gani ya kufanya karibu na mama anaponyonyesha? Na akimshika mdogo wake kwa nguvu, mnamkanyaje bila kumfanya amchukie?