Lipstiki niliyojitengenezea inatoka jasho, rangi nayo imejitenga

UaJekundu: Habari zenu wapendwa. Niliyeyusha nta ya nyuki, nikatia mafuta ya nazi na matone ya rangi ya keki, ile ya maji. Imetoka laini mno, juu ina vitone vya mafuta, na wekundu umekaa madoadoa. Tatizo ni nini? Halafu, ni kweli lipstiki nyekundu huwa na wadudu?

MpikaNta: Mpenzi, tuanze na rangi, ndiko kwenye kazi. Rangi ya maji haitakubali mafuta hata ukoroge mpaka kesho. Tafuta unga wa oksidi ya chuma, ile ya vipodozi, si ya kupaka nyumba! Usage na mafuta ya nyonyo kidogo mpaka ukipaka tone kwenye kioo huoni punje, ndipo uutie kwenye nta. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanang'aa na yanashika unga vizuri. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Hapo lipstiki itasimama na nini?

Jasho hilo ni mafuta yaliyoishinda nta. Nta ya nyuki huyeyuka nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo iongezee karnauba, nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mchikichi, inayovumilia mpaka nyuzi 82 na zaidi. Weka kidogo tu, ikizidi kijiti kinakatika ukipaka. Ukishamimina, poza haraka.

Wadudu ni kweli, ila si katika kila nyekundu. Karmini hutoka kwa kochinili, vidudu vya kwenye dungusi kakati, na Peru ndiyo mzalishaji mkubwa. Kwenye orodha ya viambato itafute kwa namba CI 75470. Mimi siiweki kwenye za kugawia watu: ni ya asili, sawa, lakini wapo wachache inaowaletea mzio mkali.

Shangazi_wa_Vipodozi: Na usitie mentholi eti midomo ijae. Kule kuwasha ndiko kunakoivimbisha, na midomo iliyopasuka itazidi kuuma.

UaJekundu: Asanteni sana. Vitamini E niliyoweka si inazuia vijidudu?

MpikaNta: Hapana, hiyo inachelewesha mafuta kuchacha tu. Vijidudu vinataka maji, na humo hamna, mradi usichovye kidole kibichi.