Watoto wadogo na barakoa shuleni: tupeane uzoefu

Mama wa PP2, Mombasa

Habari zenu wazazi na walimu. Hapa Kenya shule zimefunguliwa tarehe 4 Januari 2021, na watoto walikuwa nyumbani tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walitangulia Oktoba, na wale ni wakubwa, ukiwaeleza wanaelewa. Sasa wameingia hawa wetu wa madarasa ya awali, PP1 na PP2, watoto wa miaka minne na mitano, na wao pia wameambiwa barakoa.

Wangu asubuhi anatoka ameivaa vizuri. Saa sita anarudi nayo mfukoni imelowa chapachapa, kwa hili joto la kaskazi. Juzi alirudi na barakoa yenye picha ya simba, na kwetu hatuna ya simba. Kumuuliza, akaniambia, "Tumebadilishana. Yeye alitaka yangu ya maua." Nilikosa la kumwambia, kwa sababu tangu aanze kutembea tunamfunza kwamba ukiwa na kitu mgawie mwenzio.

Sitaki tubishane kama korona ipo au haipo. Mtaani kwetu tumezika. Nataka wenye watoto wadogo waseme wanavyofanya: wanavaaje, wanabadilisha saa ngapi, mwalimu anasaidia vipi.

Mwalimu wa PP1, Kilifi

Mama, hilo la kubadilishana kwangu lilikuwa kila siku wiki ya kwanza. Wakati wa uji wanavua, wanaziweka juu ya benchi, na nyingi ni zile za buluu zinazofanana. Wakimaliza kunywa kila mmoja anaokota iliyo karibu naye. Hawajui kusoma majina, kwa hiyo kuandika jina hakukusaidia kitu.

Nikawaomba wazazi washone alama kwa uzi wa rangi pembeni, na kila mtoto ana alama yake: samaki, jua, kikombe, nazi, jani. Halafu bahasha ya kaki yenye alama hiyohiyo, imening'inizwa kwenye msumari chini ya dirisha, kimo chao. Uji ukija, barakoa inaingia kwenye bahasha kwanza, ndipo kikombe kinatolewa. Sasa wanasimamiana wenyewe. Utasikia mmoja anapiga kelele, "Wee, hiyo ni ya samaki!"

Linaloniuma zaidi ni masomo. PP1 ninafundisha sauti. Mtoto anaijua "m" kwa kuniona nikifumba midomo, na "f" kwa kuona meno yangu juu ya mdomo wa chini. Nikiwa nimejifunika wanasikia, lakini hawaoni, na "m" na "n" kwao zinakuwa kitu kimoja. Nilichofanya ni kulihamishia somo la sauti nje chini ya mwembe. Wao wanakaa kwenye mkeka wamevaa, mimi narudi nyuma hatua kadhaa, nashusha yangu, natamka, wanarudia. Tukiingia ndani narudisha.

Na nitasema nionavyo mimi. Mwezi wa Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitano kushuka chini asilazimishwe barakoa, wa sita hadi kumi na moja waangaliwe kulingana na hali ya mahali na uwezo wao, na kuanzia kumi na mbili wavae kama watu wazima. Agizo letu hapa Kenya ni kila mwanafunzi avae. Silipingi, maana darasani tumebanana, na Waziri wa Elimu, Magoha, mwenyewe alikiri kwamba kukaa mbalimbali kutakuwa kugumu. Lakini mtoto wa miaka minne simpigi wala simtoi nje kwa sababu barakoa imeteremka kidevuni. Namrekebishia, na baada ya muda namrekebishia tena.

Baba wa watoto watatu, Likoni

Mwalimu Mungu akubariki. Mimi nina swali ambalo naogopa hata kuliuliza shuleni. Wa katikati ana pumu. Anarudi ananiambia kifua kinambana. Watu wanasema mtoto anavuta tena uchafu alioutoa mwenyewe, hewa haimtoshi. Ni kweli?

Muuguzi, Voi

Baba, hofu yako naielewa, kliniki tunaulizwa hivyo karibu kila siku. Gesi tunayoitoa tukipumua ina chembe ndogo mno kuliko matundu ya kitambaa. Inapita, na hewa safi inaingia. Kinachomsumbua mtoto ni joto na unyevu. Kitambaa kikishalowa mate na jasho kinang'ang'ania puani, hapo ndipo anavuta pumzi kwa taabu, na dawa yake ni kumbadilishia kavu. Kwa joto la pwani mpe angalau mbili kwa siku, ya pili aivae baada ya mapumziko ya saa nne, na kifuko cha kutia ile chafu.

Wa pumu ni habari nyingine kidogo. Usimwachie aamue peke yake. Ongea na daktari wake, mwalimu wake ajue kwa jina kwamba huyu ana pumu, na inhela yake, ile dawa ya kuvuta, iwe mahali ambapo mwalimu anaifikia mara moja, si ndani ya mkoba uliofungiwa ofisini. Kifua kikibana, barakoa inatoka, mjadala baadaye.

Wasiovaa kabisa ni mtoto chini ya miaka miwili, mtoto aliyelala, na yeyote asiyeweza kuivua mwenyewe. Wakikimbia mpira pia wavue. Nyumbani mfundisheni kuivua kabla ya kumfundisha kuivaa: anashika kamba za masikioni, hashiki mbele.

Bibi, Msambweni

Wanangu, nyinyi mnasema mbili kwa siku. Mimi nina wajukuu watatu, mama yao yuko kazini Nairobi na tangu hoteli zifungwe kazi imekuwa ya kubahatisha. Barakoa ni shilingi ishirini dukani kwetu. Watatu ni sitini, na sitini ni kilo ya unga. Hizo za kutupwa tunazifua na kuanika mpaka zinatoa nyuzi.

Wiki iliyopita yule mdogo alirudishwa langoni kwa sababu kamba ilikatika njiani. Alitembea peke yake kurudi nyumbani, barabara ile ina malori. Nilikwenda mwenyewe nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba kama ni kumlinda mtoto, basi asimtoe barabarani. Wamekubali kuweka za akiba langoni. Na leso yangu ya zamani nimeikata, sasa wanavaa za leso.

Mama wa PP2, Mombasa

Shikamoo bibi. Pole sana, na ahsante kwa kwenda kusema. Hilo la akiba langoni kesho nalipeleka kwenye kikundi cha wazazi wa shule yetu. Mtoto asirudishwe njiani kwa kitu cha shilingi ishirini.

Mzazi, Tanga

Mimi naandika kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku shule zilifungwa Machi 17, 2020, na kufikia Juni 29 zote zilikuwa zimefunguliwa, kwa hiyo wetu wana nusu mwaka darasani. Shuleni kwa mwanangu, darasa la pili, barakoa hazikuwa lazima. Mkazo uliwekwa kwenye kunawa: ndoo yenye koki na sabuni ya kipande kwenye kila mlango. Wiki za mwanzo nilimvalisha wangu. Akawa peke yake darasani, wenzake wanamwita "daktari" siku nzima, akaanza kuificha kwenye daftari. Nilimwacha akaiacha. Ninachotaka kusema kina mama wa Kenya ni kwamba nyinyi mna bahati moja: wote wanavaa. Mtoto mdogo anafuata wenzake kuliko anavyomfuata mama yake.

Mzazi, Kampala

Wetu wadogo bado wako nyumbani. Waliorudi tangu Oktoba ni wa mitihani tu. Nasoma hapa najiandaa, wangu ana miaka mitano na mpaka leo hajaliona darasa.

Mama wa gredi ya pili, Nairobi

Naomba niongeze la watoto ambao hawatajwi. Binti yangu hasikii vizuri, anavaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Kwanza, kamba ya barakoa inakaa palepale nyuma ya sikio, akiivua kwa haraka kifaa kinaruka nayo. Kimoja kilipotelea kwenye nyasi uwanjani, tukakitafuta mpaka jioni mimi na mlinzi wa shule. Na kifaa si cha shilingi ishirini. Pili, yeye nusu ya mazungumzo anayapata kwa kutazama midomo. Mwalimu aliyejifunika anakuwa mnong'ono. Alirudi akaniambia, "Mama, siku hizi mwalimu hasemi na mimi."

Tulishona ya mwalimu yenye dirisha la plastiki mbele. Inashika ukungu, ila ukipaka tone la sabuni ya maji kwa ndani na kufuta kwa kitambaa kikavu, inakaa safi kipindi kizima. Mwalimu aliikubali kwa moyo mweupe, na mwenyewe anasema hata wanaosikia wamechangamka wakiona anatabasamu. Kwa binti, kamba hazipiti tena masikioni. Zinafungwa nyuma ya kichwa.

Fundi wa cherehani, Majengo, Mombasa

Mama wa Nairobi, hata kwa wanaosikia vizuri kamba za masikioni zinawasumbua wadogo. Masikio yao ni laini, yanapindwa mbele na kuchubuka nyuma. Wasichana wa hijabu nawashonea vifungo viwili juu ya hijabu yenyewe, usawa wa shavu, barakoa inanaswa hapo. Wavulana nawawekea mkanda wa lastiki nyuma ya kichwa unaofungwa kwa kibanio. Msiwatie kamba ndefu ya shingoni ili isipotee. Wakivutana kwenye mchezo inakaba. Kibanio kinaachia kikivutwa.

Kipimo: msikate ya mtu mzima mkaipunguza kamba tu, inamfunika mtoto mpaka machoni. Pima uso wake, kutoka kati ya macho mpaka chini ya kidevu, na upana kutoka sikio hadi sikio ukipitia puani, uache kidole kimoja kila upande. Ndani weka pamba laini kama leso. Kitenge kipya chenye nta kisiguse mdomo mpaka kifuliwe mara kadhaa.

Bibi wa Msambweni, nina vipande vingi vimebaki hapa. Nitawashonea wajukuu wako watatu, mbilimbili, nitazituma na matatu ya asubuhi mpaka stendi. Niambie tu umri wao na kama kuna wa hijabu.

Bibi, Msambweni

Tisa, saba na mitano, mwanangu. Wa katikati ni msichana na anavaa hijabu. Huyu wa mitano ana uso mdogo, mkatie kama wa miaka minne.