Kisa sentensi fupi, hoja sentensi ndefu: lugha pevu ni ipi?

Mwalimu wa Kidato cha 3, Bungoma
Walimu wenzangu, hamjambo. Nasahihisha insha na kuna msichana ananitatiza. Kwenye kisa cha kuthibitisha methali ameandika: "Mama akafungua mlango. Akanitazama, akaketi. Hakusema neno." Nikampa 15 kwa 20. Kwenye hoja kuhusu simu shuleni, kalamu ileile: "Kuongezeka kwa matumizi ya simu miongoni mwa wanafunzi ambao wazazi wao hawana muda wa kuwafuatilia inafaa kukomeshwa." Mwenzangu idarani anashikilia kwamba hii ya pili ndiyo lugha pevu, kisa ni cha mtoto wa darasa la sita. Sikubali, ila nikimjibu nakwama.

Mstaafu wa Voi
Mwalimu, jibu unalo mkononi. Kiima ni "kuongezeka", kitenzi "inafaa". Kunafaa! Kaenda mbali na kiima chake, akakisahau njiani. Hoja humlazimisha mwanafunzi kugeuza vitenzi kuwa majina (kuongezeka, ukosefu, utumizi) na kufunga sababu na matokeo pamoja, kwa hiyo sentensi hurefuka atake asitake. Kisa kinataka -ka- ya masimulizi (akafungua, akaketi), na -ka- hupenda vishazi vifupi vinavyofuatana. Kuhesabu maneno ni kupima uzito wa mbuzi kwa rula.

Kalamu Nyekundu
Naunga mkono nusu. Kisa nacho kina ugumu wake, ila utafute kwenye nyakati: "Nilipofika, mama alikuwa amekwisha kufungasha." Wa darasa la sita angesema "Nilifika. Mama alifungasha." Huyo binti ana sentensi kama hiyo popote?

Mwl. wa zamu
Barua rasmi ndiyo hudanganya kabisa. Baada ya MINT (mintarafu, yaani kichwa cha barua) kila mtu anageuka balozi: "ningependa kuchukua fursa hii adhimu..." Wamekariri! Mimi lugha naanza kuipima pale anapoeleza shida yenyewe.

Mwalimu wa Kidato cha 3, Bungoma
Asanteni sana. Kalamu Nyekundu, anazo mbili, na zote hazina kosa. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, swali la 1 ni la lazima, insha ya kiuamilifu (kama barua rasmi au ripoti), kisha anachagua moja, kila moja alama 20. Kwa hiyo siwezi kumlea kwa visa tu. Jumatatu watasimulia mkasa wa simu iliyonaswa bwenini, halafu waugeuze ripoti kwa mwalimu mkuu. Ripoti atasahihisha mwenzangu. Hizo "inafaa" atazihesabu mwenyewe.